FUNDI WA NYUMBANI: Pikipiki ya Babu ni ya Aina Gani, na Ina Umri Gani?

Juma hili twashika barua moja tu, maana jambo lake ni refu na lawahusu wengi. Imetoka Sapiwi, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Ndugu yetu aeleza kwamba babu yao alifariki mwaka jana, na walipofungua banda la nyuma, alimokuwa akiweka plau, magunia ya pamba na bomba la dawa, wakakuta kipikipiki cha zamani kimefunikwa turubai. Hakina jina. Rangi imebanduka, kiti kimeliwa na panya, na mahali pa nembo ya mbele yamebaki matundu mawili tu. Injini yake ni ndogo, nayo imelala, silinda ikielekea mbele. Hakina mkono wa klachi.

Tangu siku ile, asema, nyumba haina amani. Mnunuzi wa chuma chakavu amekuja mara mbili, ataka kukipima kwa mizani kama bati kuukuu. Mjukuu aliye Mwanza amepiga simu akasema kisiuzwe hata kidogo, kwa kuwa ameambiwa ni ile iitwayo Monkey, ambayo Wazungu huinunua kwa mamilioni. Fundi mmoja amesema ni Honda ya mwaka 1958, ya kwanza kabisa. Fundi wa pili amecheka, akasema ni ya Kichina ya juzi juzi. Bibi mjane hataki kusikia habari ya kuuza. Na mdogo wao wa mwisho adaiwa ada ya chuo. Ndugu yetu auliza: Je, nimwamini nani?

Usimwamini mtu bado, ndugu. Iulize pikipiki yenyewe. Kila pikipiki iliyotoka kiwandani ina namba mbili, moja ya fremu na moja ya injini, zilizogongwa kwenye chuma. Nembo hung'oka, rangi hubadilishwa, kiti hununuliwa kipya, lakini namba hizo hukaa. Katika pikipiki ndogo za namna hii, namba ya injini hupatikana upande wa kushoto, chini, kwenye bloku lenyewe, mahali ambapo matope na mafuta hupenda kugandamana. Namba ya fremu nayo hutafutwa upande wa kushoto, karibu na pale injini inapofungwa kwa bolti. Pikipiki nyingine kubwa zaidi zina namba ya fremu shingoni, pale usukani unapoingia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huharibu. Usisugue namba kwa msasa, wala kwa brashi ya waya, wala usiruhusu fundi aguse mahali pale kwa mashine ya kusaga chuma. Namba iliyogongwa ina kina kidogo sana. Ukiisugua kwa nguvu umeifuta. Tena namba iliyofutika huleta maneno na polisi, nao wana haki, kwa sababu wezi wa pikipiki hufanya hivyo hivyo makusudi. Chukua mafuta ya taa kidogo katika kikopo, na mswaki mkuukuu. Paka, ngoja robo saa, sugua polepole, futa kwa kitambaa, rudia. (Kazi hii fanya nje, mbali na jiko, na mwenye sigara akae mbali.) Mahali pakikauka, paka unga wa chaki au majivu laini, kisha futa juu juu kwa kidole. Unga utabaki ndani ya mikwaruzo, na herufi zitaonekana nyeupe. Mwisho weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa ubavu wa kalamu ya risasi. Utapata picha ya namba isiyosema uongo, wala haina makosa ya mtu aliyesoma 8 akaandika 3.

Tulimwambia hayo kwa simu, naye akatuletea karatasi mbili kwa basi. Ile ya fremu yaanza na herufi C50, kisha kistari, kisha tarakimu. Ile ya injini yaanza na C70E, kistari, kisha tarakimu nyingine. Namba kamili hatuzichapi, maana namba ya mali ya mtu si ya kutangazwa. Lakini herufi hizo za mwanzo zatosha kumaliza nusu ya ugomvi wa nyumba ile.

Kwanza, ni Honda. Hayo ndiyo majina ambayo kiwanda cha Honda kiliyapa pikipiki zake za ukoo wa Super Cub. Namba ya kwanza yaonyesha takriban ukubwa wa injini kwa sentimeta za ujazo: C50, C70, C90. Herufi E hugongwa kwenye injini tu, si kwenye fremu.

Je, ni ile ya mwaka 1958? Hapana. Fundi yule amesikia habari ya kweli, ila ameifunga kwenye pikipiki isiyo yake. Kweli Super Cub ya kwanza ilitoka Japani katika mwezi wa Agosti, 1958. Lakini ile iliitwa C100, na namba zake huanza na C100. Injini yake ilikuwa na sentimeta za ujazo 49, nayo ilisukuma valvu kwa fimbo ndefu kutoka chini. Mwaka 1966 Honda walitoa C50, yenye injini mpya ambayo kamshafti yake iko juu, katika kichwa cha silinda, nayo huzungushwa kwa mnyororo mdogo uliofichwa ndani. Dalili yake waweza kuiona bila kufungua kitu: upande wa kushoto wa kichwa cha silinda pana kifuniko cha duara. C70 yenye sentimeta 72 ilifuata mwaka 1969. Basi fremu yenye C50 haiwezi kuwa ya kabla ya 1966, na injini yenye C70E haiwezi kuwa ya kabla ya 1969. Huo ndio ukuta wa nyuma wa hesabu yetu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana historia ya mashine hii yapendeza, na vijana wanaoendesha bodaboda siku hizi hawaijui. Bwana Soichiro Honda alikuwa fundi wa mji wa Hamamatsu. Baada ya vita, mwaka 1946, Japani ilikuwa na njaa na usafiri ulikuwa shida. Akapata injini ndogo ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa za kuendeshea mitambo ya umeme ya redio, akazifunga kwenye baiskeli. Watu wakazigombania. Kampuni yenyewe iliandikishwa mwaka 1948. Mwenzake, Bwana Takeo Fujisawa, ndiye aliyeshika hesabu na biashara, naye ndiye aliyemsumbua Honda atengeneze pikipiki ya watu wa kawaida. Husimuliwa kwamba alitaka kijana anayepeleka tambi kutoka mgahawani aweze kuendesha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike sinia. Ndiyo sababu Super Cub haina mkono wa klachi: klachi hujifunga na kujifungua yenyewe kwa mzunguko wa injini, na gia hubadilishwa kwa mguu. Ndiyo sababu pia fremu imeinama katikati, hata mama aliyevaa kanga au padre mwenye kanzu apande bila kurusha mguu juu. Ile ngao ya mbele ya plastiki huzuia matope yasimpige mpandaji miguuni.

Mwaka 2017 hesabu ya pikipiki za ukoo huu ilifika milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini, cha magurudumu mawili au manne, kilichotengenezwa kwa wingi huo kwa jina moja la ukoo. Basi ndugu zetu wa Sapiwi wasishangae kwamba mmoja ulifika hata kwao. La kushangaza lingekuwa kama usingefika.

Sasa habari ya Monkey, ambayo yamsumbua mjukuu wa Mwanza. Hiyo nayo ni ya Honda, na si hadithi ya kutunga. Mwaka 1961 walitengeneza pikipiki ndogo mno kwa ajili ya bustani yao ya michezo iitwayo Tama Tech, watoto wapande na kufurahi. Mtu mzima akipanda, magoti hupanda juu na mgongo huinama, hata akafanana na nyani. Ndipo jina lilipotoka. Baadaye wakaziuza kwa watu: Z50M mwaka 1967, kisha Z50A, na mwaka 1969 ikatoka CT70 yenye mwili mkubwa kidogo. Zote zina injini ya kulala kama ile ya Super Cub, na hapo ndipo watu wakosapo. Wakiona injini, wasema ni ile ile.

Chukua rula, upime gurudumu. Usipime tairi, pima ringi. Z50M ina ringi ya inchi 5, Z50A inchi 8, CT70 inchi 10. Super Cub ina inchi 17, karibu kama ya baiskeli ya mtoto mkubwa. Ndugu yetu amepima, amepata 17. Na namba za fremu zingeanza na Z50 au CT70. Basi si Monkey.

Na hata ingekuwa Monkey, yafaa mjukuu ajue bei zile hutoka wapi. Mwaka 2018 Monkey moja ya 1969 iliuzwa kwa mnada Uingereza kwa pauni 57,500. Lakini pikipiki ile ilikuwa ya John Lennon, yule mwimbaji wa Beatles, na karatasi zake za kuthibitisha zilikuwapo. Walionunua walinunua jina la mwenyewe. Babu wa Sapiwi alikuwa mtu mwema, lakini mnada wa Uingereza haumjui. Habari za bei kubwa huzunguka kwenye simu zikiwa zimekatwa mkia na kichwa, na nyumba nyingi zimegombana kwa ajili ya mali ambayo haipo.

Fundi wa pili, aliyesema ni ya Kichina, hakukosa bure. Viwanda vingi vya China vimeiga injini hii ya kulala, na kwa macho zafanana kama mapacha. Tofauti iko kwenye namba. Injini za Kichina aghalabu huandikwa kwa mtindo wao wa nchi nzima, kwa mfano 1P39FMB. Ukijua kuusoma, wakuambia mengi: 1 ni silinda moja, P ni injini ya kulala, 39 ni upana wa silinda kwa milimeta, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni kundi la ukubwa. B ni 50, D ni 70, H ni 110, I ni 125, J ni 150. Ninyi mnaoendesha bodaboda za Kichina, tazameni injini zenu leo. Wengi mtakuta 156FMI au 162FMJ. Hizo hazina P kwa sababu silinda zake zimesimama. Injini ya Sapiwi haina mtindo huo. Ina C70E. Ni ya Honda.

Basi msomaji mwenye akili ameshauliza: mbona fremu ni C50 na injini ni C70? Naam. Hapo ndipo pana jambo.

Maana yake ni kwamba injini iliyoko si ile iliyotoka nayo kiwandani. Injini za C50 na C70 hufungwa kwenye fremu ile ile bila kuchonga kitu. Mtu aliyeua injini ya 50 aliweza kununua ya 70 iliyotumika, akaifunga kwa asubuhi moja, akapata na nguvu zaidi. Mafundi wengi wamefanya hivyo. Kwa hiyo umri wa pikipiki hii haupimwi kwa injini. Pikipiki hufuata fremu, kama vile nyumba hufuata msingi. Injini ni kama bati la paa, laweza kubadilishwa.

Kosa hili lina gharama. Ndugu yetu alisema katika barua kwamba fundi amekwisha kumwandikia orodha ya vipuri "vya Honda 50". Kama angevinunua, angetupa fedha yake. Pistoni ya C50 ina upana wa milimeta 39. Ya C70 ni milimeta 47. Ringi za pistoni za 39 zitacheza ndani ya silinda ya 47 kama kidole ndani ya kikombe. Gasketi ya kichwa kadhalika. Basi vipuri vya injini nunua vya C70, na vya mwilini, kama ngao na vifuniko vya ubavuni, tafuta vya C50 kwa kulinganisha kile cha zamani mkononi. Usiende dukani na jina tu. Nenda na kipuri chenyewe.

Twarudi kwenye umri. Fremu ni ya 1966 au baadaye; huo ni mwanzo. Mwisho wake tutaupataje? Tazama umeme. Pikipiki hizi kwa miaka mingi zilitumia volti 6, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaanza kutoka za volti 12. Usitazame betri, maana betri hununuliwa yoyote. Tazama kitako cha balbu ya mbele na ya nyuma, na maandishi kwenye balbu za zamani kama zimebaki. Ndugu yetu amepata balbu ya nyuma yenye 6V. Tazama pia taa ya mbele: ya mviringo ni ya mtindo wa zamani, ya pembe nne ni ya miaka ya 1980 au baadaye. Yake ni ya mviringo. Spidometa yahesabu maili. Hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini lapatana na mengine, maana zamani barabara zetu zilipimwa kwa maili. Na matairi je? Tairi lenye tarakimu nne ndani ya kisanduku kidogo cha yai ni la mwaka 2000 au baadaye: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2304 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2004. Hiyo si tarehe ya pikipiki, bali yakuonyesha babu aliiacha lini. Tairi la nyuma la Sapiwi limeandikwa 04 mwishoni, basi mzee alikuwa bado ainunulia viatu wakati huo.

Mpaka hapa twaweza kusema fremu ni ya kati ya 1966 na miaka ya mwanzo ya 1980. Ni muda mrefu mno. Chuma kimesema kilichoweza. Sasa waulize watu. Na hapa nilifurahi, kwa kuwa bibi mjane, ambaye hakuulizwa na fundi yeyote, ndiye aliyekuwa na jibu. Tulimwomba ndugu yetu asimwulize, "Ilinunuliwa mwaka gani?" Wazee wengi hawahesabu hivyo. Amwulize ilikuwapo wakati wa mambo gani. Bibi akajibu bila kusita: wakati wa Operesheni, walipohamishwa kutoka mji wao wa zamani kuingia kijijini, pikipiki ilikuwapo, tena ndiyo iliyobeba cherehani yake na mtoto wa kwanza, safari nne kwa siku moja. Wasukuma wa rika lake hawasahau mwaka ule. Kuhamia vijijini katika sehemu hizi kulifanyika kwa nguvu mwaka 1974. Na tena alisema mumewe aliileta baada ya kuuza pamba, naye alikuwa bado hajaolewa.

Basi, fremu ni ya kati ya 1966 na 1974. Kwa machine iliyokuwa haina jina juma tatu zilizopita, hiyo ni hesabu nzuri. Kama katika sanduku la marehemu pana picha ya zamani yenye pikipiki ndani yake, igeuze nyuma. Wapiga picha wa zamani walikuwa na desturi ya kugonga muhuri na tarehe.

Sanduku hilo hilo latuleta kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Ndugu yetu ataja kwa haraka, mwishoni mwa barua, kwamba kadi ya pikipiki ipo lakini imeliwa na mchwa. Ndugu, hilo ulipaswa kulianza! Kadi iliyoliwa nusu ni bora kuliko kutokuwa na kadi. Linganisha tarakimu zilizobaki na ile karatasi ya kusugua. Amefanya hivyo: tarakimu tano za mwisho za fremu zimepatana. Tarakimu za injini hazipatani, na sasa sote twajua kwa nini. Polisi barabarani asingejua. Angeona kadi yasema injini moja na chuma chasema nyingine, na kijana wa watu angelala mahabusu kwa kosa la fundi aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo pikipiki isitoke barabarani kwanza. Yule aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na si mtu mwingine hata awe mkubwa wa ukoo, aende na kadi iliyobaki, karatasi za kusugua namba, na barua za mirathi kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato, aeleze habari ya injini kubadilishwa na mwenyewe kufariki. Kama hajateuliwa mtu, ukoo ukae, uchague, uende mahakamani. Wala asiuzwe mtu yeyote kabla ya hapo, awe wa chuma chakavu au wa Mwanza. Mali ya marehemu ambayo haijagawanywa si ya anayeishika.

Wasomaji wengine watasema, "Sisi hatuna Honda." Haya, kwa ufupi. Kama injini ndogo ina tangi la pembeni la mafuta ya injini, na ikiwaka hutoa moshi wa samawati, huenda ni Yamaha au Suzuki ya namna ya kuchanganya mafuta. Tazama kabureta, aghalabu imeandikwa Mikuni, na ya Honda Keihin. Kama ni tukutuku ya Kiingereza yenye BSA kwenye tangi na injini ndogo ya kusimama, yaweza kuwa Bantam, iliyotengenezwa tangu 1948 hadi 1971. Namba za Bantam za kwanza huanza na YD. Nayo ina kisa: mchoro wake ulikuwa wa Kijerumani, wa pikipiki ya DKW RT125, ukachukuliwa baada ya vita kama fidia. Warusi, Wamarekani na hata Yamaha ya kwanza ya mwaka 1955 walikula katika sahani ile ile. Vespa za Unguja zina herufi zake mwanzoni mwa namba, nazo ni somo la siku nyingine.

Na baiskeli? Nyingi hazina njia ya hakika. Lakini kama ni Raleigh, Phillips au BSA yenye gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, futa vumbi kwenye kitovu. Utaona Sturmey-Archer, na karibu yake tarakimu mbili za mwaka, mara nyingi pamoja na mwezi. Ikiwa yasema 58 na 6, kitovu kilitengenezwa Juni 1958. Nijuavyo mimi, hakuna fundi wa pikipiki aliyewahi kutusaidia waziwazi hivyo.

Sasa, ndugu wa Sapiwi, wataka kujua ifanyweje. Shauri langu ni hili, na ukoo waweza kulikataa. Mnunuzi wa chuma chakavu mwambieni asante, aende. Pikipiki hii nzima yapita bei ya kilo zake, hata ikiwa haiwaki, kwa kuwa mwenye nyingine kama hiyo atahitaji fremu, ringi au ngao. Lakini haitalipa ada ya chuo ya mwaka mzima, na yule kijana asiambiwe kwamba italipa. Ada tafuteni kwa njia nyingine: ukoo uchange, au mbuzi wauzwe. Ikisha kupata karatasi zake, basi bibi mwenyewe aulizwe kwanza kama yauzwa au yatengenezwa, kwa maana yeye ndiye aliyepanda nyuma yake siku ile ya Operesheni na cherehani mapajani.

Mkikubaliana kuitengeneza, msipige kiki kwa pupa. Injini iliyokaa miaka mingi huenda imeshikana, na ukiikanyaga kwa nguvu utavunja ringi za pistoni. Toa plagi. Mimina ndani ya tundu lake vijiko viwili vya mafuta ya injini yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, iache siku tatu. Kisha tia gia ya mwisho, usogeze gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele na nyuma, polepole, mpaka usikie pistoni imeachia. Mwaga mafuta yote ya zamani ya injini, jaza mapya hadi alama ya kijiti. Osha tangi la petroli mara mbili, na kabureta ifunguliwe yote. Plagi mpya ununue ya C7HSA. Balbu zote ziwe za volti 6. Ukitia ya 12 itawaka kama kibatari, nawe utalaumu umeme bure. Ikiwaka, tuandikieni, mkitaja na rangi iliyokuwa chini ya ile iliyobanduka. Utaiona ukifungua ngao ya mbele, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haikufika.